Kambale wa Maji Baridi

Wiki iliyopita nilishuka Mabogini kuwasalimu pale kituoni, mkanipokea vizuri, chai na kiti cha kivulini. Kisha mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, akanisogezea beseni lenye samaki mzazi akasema, "Bibi Hawa, tunasikia wewe unajua joto la maji kwa mkono tu. Hebu tuonyeshe." Nikakataa. Nikasema nina haraka, na haraka sikuwa nayo, maana mstaafu ana haraka ya kwenda wapi? Nilipokuwa nachukua mkoba wangu nikawasikia mkinong'ona kwamba bibi anaringa. Sikuwa naringa, wanangu. Sababu ninayo, ila ni ndefu, na si ya kusimuliwa mtu akiwa amesimama.

Mimi ni mtoto wa Majengo, hapo Moshi mjini, baba yangu fundi cherehani. Kambale nilimjua akiwa ndani ya sufuria tu, vipande vinene vilivyotoka bwawa la Nyumba ya Mungu, mama akivipaka chumvi na ndimu, akavikaanga kidogo, halafu akavitia kwenye tui. Hana miiba midogo ya kukwama kooni, ndiyo maana hata sisi watoto tulipewa bila kusimamiwa. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye hicho kituo chenu cha vifaranga vya samaki nilijiona namjua. Siku ya kwanza nikamdaka kambale mzima, mkubwa, nikamkumbatia kifuani, naye akanichoma kwa ule mwiba wa pezi la pembeni mpaka nikaona nyota mchana. Msimamizi wa chumba cha kutotoleshea alikuwa mlangoni. Alitazama damu yangu, akatazama samaki anayegaagaa sakafuni, akamwokota samaki kwanza.

"Kambale hakumbatiwi," akaniambia. "Mfunike macho kwa taulo bichi. Ataona giza limeingia, atatulia mwenyewe. Haya, kaoshe mkono."

Huyo ndiye Mzee Elinaja, na yote ninayoyajua alinifundisha yeye. Alikuwa Mchagga wa Machame, Mlutheri wa benchi la mbele, mtu wa maneno machache, na katika maisha yake yote hakuwahi kumtia kambale kinywani. Wazee wake walimlea wakimwambia kwamba kiumbe asiye na magamba, mwenye sharubu, anayepanda juu ya maji kuvuta hewa, huyo ana undugu na nyoka. Mnajua kwamba dume wa kambale hakamuliki, lazima umchinje ndipo uzipate mbegu zake. Basi kila tulipochinja dume, sisi wengine tuliichoma ile nyama tukagawana, naye Mzee alikaa pembeni akimenya ndizi yake. Tulimtania sana.

"Mimi ni mkunga," alikuwa akitujibu. "Mkunga hali watoto."

Nikiifikiria kazi ile siku hizi, inanijia kama ndoto, vipande vipande, bila mpangilio. Naona asubuhi za Mabogini, ukungu umelala juu ya mashamba ya mpunga, mlima umejitokeza wote mweupe kileleni, kisha unajifunika kabla hujamaliza chai. Nasikia kambale wanavyopanda juu kuhema, plop, halafu kimya, halafu plop nyingine upande wa pili wa bwawa. Naiona ile asubuhi ya masika tuliyokuta bwawa la tatu tupu kabisa. Maji ya mvua yalikuwa yamefurika, nao wakaondoka zao kwa kujiburuta juu ya majani mabichi, wakaingia kwenye majaruba ya watu. Wakulima waliturudishia wengine kwenye ndoo, wakicheka. Wengine tuliwanusa tu, mchana, kutoka kwenye majiko ya majirani. Mzee Elinaja alisema tusiulize sana, kwa sababu mgeni aliyekwenda mwenyewe mezani hadaiwi.

Lakini ninachokiona zaidi ni mkono wake. Aliutumbukiza majini mpaka kiwiko, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Halafu anasema, "Ishirini na sita na nusu." Tunatia kipimajoto, tunakuta ishirini na sita na nusu. Miezi ya mwanzo tulimhakiki kila siku kwa kumchokoza. Baadaye tuliacha, kipimajoto kikawa cha kuwaonyesha wageni.

Ninyi mmesoma, mnajua kwa nini joto ni jambo kubwa. Ukishamchoma jike sindano ile ya dawa ya tezi, ya kukomaza mayai, hayakomai kwa kufuata saa ya ukutani. Yanafuata maji. Maji ya moto huharakisha, maji ya baridi huchelewesha. Kwetu Mabogini siku ya kawaida ni kama muda wa saa kumi tangu sindano. Ukibonyeza tumbo na wakati umefika, mayai yanamiminika yenyewe kama uji wa ulezi. Wakati haujafika, hayaji, na ukiyalazimisha unamuua mama.

Najua hilo kwa sababu nimemuua mmoja. Mwaka wangu wa pili Mzee Elinaja alipanda kwao kwenye msiba, akaniachia jike wetu bora, tuliyemwita Shangazi. Nilimchoma sindano kwa wakati, nikakaa naye, nikatazama saa. Huko juu mlimani ilikuwa imenyesha mvua kubwa, na mfereji ulikuwa unatuletea maji ya baridi kutwa nzima, lakini mimi macho yalikuwa ukutani. Saa kumi zilipotimia nikabonyeza. Hayakuja. Nikabonyeza kwa nguvu. Yakaja machache, magumu, na damu. Kesho yake Shangazi alikuwa anaelea.

Mzee aliporudi nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi. Alichuchumaa, akampapasa mgongoni yule samaki, polepole, kuanzia kichwani mpaka mkiani.

"Uliuliza saa," alisema. "Hukuuliza maji."

Basi. Ingekuwa heri anifukuze kazi. Nililia mpaka Majengo, na mama akadhani nimeachwa na mchumba. Asubuhi nilipofika, Mzee alinikabidhi jike mwingine, akaenda kunywa chai.

Sasa sikilizeni lile lililotokea Machame, maana ndilo lililonifanya nikatae beseni lenu.

Miaka mingi baadaye Mzee Elinaja alistaafu, akarudi kihambani kwake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, juu kabisa ukishapita Kwa Sadala. Kahawa yake ilikuwa imezeeka. Badala ya kupanda nyingine alichimba bwawa chini ya banda la ng'ombe, akatoboa njia kutoka kwenye mfongo. Mfongo ni ule mfereji waliouchimba babu za babu zao, unatoa maji msituni unayapitisha kihamba kwa kihamba, kila kaya na zamu yake. Maji ya mfongo yana wazee wake, na mwenyekiti, na hayachezewi. Mzee alikuja kwetu mara mbili kuchukua vifaranga. Mara zote mbili walikufa kabla ya wiki kwisha, tumbo juu, kwa sababu walizaliwa kwenye joto la Mabogini na lile bwawa lilikuwa baridi ya kuumiza meno. Wazee wa mfongo wakachoka. Wakamwambia maji ya migomba hayawezi kwenda kulowesha shimo la nyoka waliokufa. Jumamosi ya kusafisha mfongo watapita kwake. Wakimkuta samaki hai aliyezaliwa pale pale, sawa. Wasipomkuta, njia inazibwa na haifunguliwi tena.

Akanipigia simu. "Hawa mwanangu, njoo. Wazaliwe huku huku, wasilijue joto kabisa. Hapo hawatashtuka."

Alikuwa na jike mmoja tu na dume mmoja, ambao tulimpandishia wiki mbili kabla ili wazoee. Mwingine kama yule jike, aliyejaa mayai, hatukuwa naye kituoni. Nilifika Jumanne na kichupa changu cha dawa ya tezi, sindano, na kipimajoto kilichopasuka ndani ya mkoba bodaboda iliporuka jiwe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni kambale hao, Mzee. Wewe ungekula usingekuwa mkavu hivyo."

Mke wake, Mama Manka, alicheka akatupakulia mtori. Sufuria ilikuwa imetoka motoni wakati huo huo, inatokota bado, na Mzee aliishika kwa mikono mitupu akaisogeza mezani. Nilishangaa kidogo. Nikajiambia, hiyo ndiyo mikono ya kazi.

Jumatano asubuhi, saa moja, tulimchoma jike sindano. Tulimweka kwenye beseni kubwa ndani ya banda la ng'ombe, kati ya ukuta na ng'ombe mwenyewe, ili joto la yule mnyama limsaidie. Wazo hilo lilikuwa la Mzee, na lilikuwa zuri. Nilikaa pale kutwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukungu uliingia kupitia migomba, ukaingia mpaka ndani ya banda, ng'ombe akawa anacheua taratibu na pumzi yake inanipiga shingoni. Nje mfongo ulikuwa unapita, unasema maneno yale yale. Kuna wakati sikujua kama nimelala au niko macho. Nilimwona Shangazi akizunguka ndani ya lile beseni, naapa, na nikaona aibu upya kama msichana.

Saa kumi na moja jioni Mzee alikuja. Nyuma yake mwenyekiti wa mfongo, aliyekuwa amesikia kwamba kuna jambo, akaja kushuhudia. Mama Manka naye alisimama mlangoni na kitenge chake. Mzee Elinaja alikunja shati, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akafumba macho. Pumzi tatu.

"Ishirini na sita," akasema. "Kamua."

Mkono wangu ulikuwa umetoka majini muda si mrefu. Ulikuwa bado una baridi. Kwangu yale maji hayakufika ishirini, au kama yalifika, basi kwa shida sana. Lakini mkono wangu ulikuwa nani mbele ya mkono ule? Miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa natafuta kuufikia. Kipimajoto kimevunjika, jike ni mmoja, Jumamosi iko mlangoni. Nikikataa, namwaibisha Mzee wangu mbele ya mtu anayetaka kumfungia maji. Nikikubali na yeye amekosea, naua samaki, na bwawa lake nalifukia mimi kwa mikono yangu.

"Kamua, Hawa. Unangoja nini?"

Nikatazama ule mkono uliokuwa ukichuruzika maji. Kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, kulikuwa na lengelenge kubwa jipya, limejaa. La ile sufuria ya jana. Alikuwa ameungua, na hakujua.

Nilimtazama Mama Manka, naye alikuwa ananitazama. Yeye alijua zamani.

"Mzee," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "mimi leo mkono wangu siuamini. Tupime tena kwa njia nyingine."

"Njia gani? Maji nimeshayapima."

Mwenyekiti akakohoa. Ndipo Mama Manka akasogea, akamshika mumewe begani.

"Baba Manka, mimi nimeogesha watoto sita humu ndani," alisema. "Maji ya mtoto mchanga sijawahi kuyapima kwa kiganja kilichochoshwa na jembe. Weka shavu."

Mzee alimtazama. Kisha aliutazama mkono wake, akaugeuza, akaliona lile lengelenge. Alilitazama muda mrefu sana. Halafu Mzee Elinaja, msimamizi wangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa, alipiga magoti kwenye majani ya banda, akainama juu ya beseni, akaweka shavu lake la mvi majini. Jike akaja akampitishia sharubu karibu na pua. Yeye hakusogea.

"Baridi," alisema akiwa bado ameinama. "Ishirini. Pengine na pungufu."

Akainuka, maji yakimtiririka kidevuni.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Ukaogopa kuniambia."

"Niliogopa."

"Usiogope tena." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Lakini safari hii umeuliza maji."

Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya mwenyekiti, ambaye wakati huo alikuwa anauliza kama hao nyoka watazaliwa leo au hawazaliwi.

"Kesho asubuhi," Mzee akamjibu. "Nenda ukalale."

Alhamisi saa mbili asubuhi nilimfunika jike macho kwa taulo, Mzee akamshika mkia, nikapitisha kidole gumba tumboni kwa wepesi kabisa. Yakaja. Yalikuja yenyewe, ya kijani kama zeituni, yanang'aa, bakuli zima. Bakuli liwe kavu, wanangu, tone moja tu la maji kabla ya mbegu za dume linaharibu kila kitu. Tulichinja dume, tukakamulia mbegu zake juu ya mayai, nikakoroga kwa unyoya wa kuku, ndipo nikatia maji. Mayai ya kambale yananata, yanataka kitu cha kujishikiza. Kituoni tuna nyavu. Kule hatukuwa nazo, kwa hiyo tulitandaza magamba makavu ya mgomba yaliyooshwa vizuri, mayai yakashika humo, tukayarudisha pembeni mwa ng'ombe. Jike tulimwachia bwawani, mzima, akazama bila kuaga.

Jumamosi wazee wa mfongo walipita na majembe na mapanga, matope mpaka magotini. Waliingia bandani mmoja mmoja wakainama. Magamba ya mgomba yalikuwa yanatikisika. Vifaranga vilikuwa vinyuzi vyembamba, vyenye tumbo la njano, vinajificha gizani chini ya magamba, vingi mno kuhesabika. Mwenyekiti alikaa juu ya ile ndoo yangu muda mrefu kuliko wote.

"Hata nyoka hawazai hivi," akasema mwishoni. Akatoka nje, akachukua jembe, akaisafisha njia ya maji ya Mzee Elinaja kwa mkono wake mwenyewe.

Siwadanganyi kwamba wote walipona. Wengi walikufa, kama kawaida ya vifaranga, na waliobaki walikua kwa uvivu kwa sababu ya ile baridi. Lakini waliishi. Siku ya kuvua wa kwanza mwenyekiti alikula vichwa viwili na kuomba cha tatu. Mama Manka alikula. Mzee alimenya ndizi yake. Sasa ni marehemu, Mungu ampumzishe, na bwawa bado lina maji.

Haya, sasa mkono wangu. Ulianza mwaka huu. Kwanza sindano ya kushonea ilikuwa inanidondoka bila mimi kujua. Halafu siku moja nilikuwa nageuza chapati, mjukuu wangu akapiga kelele, "Bibi, unaungua!" Nikatazama vidole vyangu juu ya chuma cha moto, nikawa natazama vidole vya mtu mwingine. Niliumia moyoni, si mkononi. Nililala kitandani mchana kutwa nikamkumbuka Mzee na lile lengelenge lake.

Kwa hiyo yule binti aliponisogezea beseni, niliogopa. Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa kwamba ningetaja namba, yoyote tu, kwa ile sauti ya zamani, na ninyi, kwa heshima yenu, mngekamua.

Nikija tena, nisogezeeni lile beseni, nitawaonyesha. Ila liwekeni juu ya meza. Magoti yangu hayapigiki kama ya Mzee Elinaja, lakini shavu ninalo.